Kabla ya kuchukua fomu ya udiwani, hesabu kura za barazani

Swali la wiki hii: "Majirani wananisukuma nigombee udiwani. Nitajuaje kama nichukue fomu au niache?"

Anza kwa kuhudhuria mikutano mitatu ya baraza la madiwani, na usimwambie mtu kwamba unafikiria kugombea. Mikutano ya baraza kamili kwa kawaida iko wazi kwa wananchi. Chukua daftari, kila hoja andika nani aliileta, nani aliiunga mkono, na iliishia wapi. Utashangaa jinsi hoja chache zinavyokataliwa kwa kura. Nyingi hurudishwa kwenye kamati zikasubiri taarifa ya mtaalamu, taarifa isije, na muhula ukaisha. Zinazopita ni zile ambazo diwani alikwisha kuzungumza na mwenyekiti wa kamati, akapata makadirio ya gharama kutoka kwa watendaji, na akawapitia wenzake mmoja mmoja kabla ya kikao kufunguliwa.

Naona hapa ndipo uamuzi wote ulipo. Watu huhesabu kura za mtaani wakasahau za ndani. Katika baraza la madiwani 25, hoja yako inahitaji watu 13 wakihudhuria wote, yaani wewe na wengine 12. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukitoka kwenye mkutano wa tatu, jaribu kuandika majina 5 ya madiwani, au ya wagombea wenye nafasi ya kushinda, ambao jambo lako linawagusa na wao: kata zao zina shida ile ile, au wamewahi kuisemea. Ukipata 5 una pa kuanzia.

Kisha omba bajeti ya mwaka huu pamoja na taarifa ya matumizi ya mwaka uliopita, uzisome bega kwa bega. Tuseme kinachokukera ni mitaro inayoziba kila mvua. Tafuta kifungu cha matengenezo ya mitaro, usiishie kwenye makisio. Sogeza kidole hadi safu ya matumizi halisi. Ukikuta kwamba katika kila 100 zilizotengwa zilitumika 38, usikimbilie kusema zimeliwa. Huenda mapato hayakufikia lengo, huenda zabuni ilitangazwa msimu umeshapita, au fedha zilihamishiwa kifungu kingine katikati ya mwaka. Kila sababu ina dawa yake. Zabuni iliyochelewa, diwani anaweza kuisukuma kwa kudai ratiba yake katika kila kikao cha kamati. Fedha zilizohamishwa, atauliza nani aliidhinisha na kwa muhtasari upi. Lakini kama mapato hayakuja, kupaza sauti barazani hakutayaleta. Hapo kazi ni ya miaka, kuanzia kwenye makusanyo yenyewe. Mgombea asiyejua ni ipi kati ya hizi tatu husimama jukwaani akaahidi mtaro, na mwaka wa pili anaonekana mwongo ingawa hakukusudia kudanganya.

Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya bajeti huja ikiwa imeshafungwa na mishahara, madeni, mikataba inayoendelea na fedha zenye maelekezo maalumu. Na baadhi ya kero kubwa za wananchi haziko chini ya baraza kabisa. Barabara kuu, umeme na polisi mara nyingi ni vya mamlaka nyingine. Andika shida zako tatu za kwanza, na mbele ya kila moja uandike anayehusika kisheria. Zikitoka mbili nje ya baraza, fikiria upya. Pengine kamati ya watumiaji wa maji au bodi ya shule itakupa nguvu zaidi kuliko kiti cha udiwani, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Sasa kura za mtaani. Chukua matokeo ya uchaguzi uliopita wa kata yako, kituo kwa kituo. Kwa mfano, walioandikishwa 6,000 wakijitokeza asilimia 45, zinapigwa kura 2,700. Wagombea wakiwa watatu wenye nguvu, anayepata 1,100 anaweza kushinda. Weka lengo la 1,300, kwa sababu wapo watakaokuahidi na siku ya kura wasionekane. Ukichukulia kwamba nusu ya utakaoongea nao watakuunga mkono, unahitaji kuongea na watu 2,600, ambao ni kaya 1,300 zenye wapiga kura wawili wawili. Jioni moja, ukitembea kwa muda wa saa tatu, inatosha kubisha hodi milango 30, na nusu hutamkuta mtu. Hizo ni jioni 87 kwa mtu mmoja. Mkiwa sita, ni 15.

Kwa hiyo hao majirani wanaokusukuma wapime kwa tarehe. "Tuko nyuma yako" isikutoshe. Mwombe kila mmoja jambo moja: kutembea nawe jioni mbili, kukudhamini kwenye fomu, au kuwa wakala wako kituoni kuanzia kura ya kwanza hadi fomu ya matokeo itakaposainiwa. Anayetaja siku, mwandike. Halafu tazama jina lake kwenye daftari la wapiga kura, maana mpaka wa kata unaweza kupita katikati ya barabara, na rafiki wa ng'ambo akawa hana kura ya kukupa.

Fomu zenyewe huangusha watu wazuri. Mdhamini hakuandikishwa katika kata, jina halilingani na la daftarini, amemdhamini na mgombea mwingine, au saini imesahauliwa. Tafuta wadhamini wa akiba, na urudishe fomu mapema ili kasoro irekebishwe kabla dirisha halijafungwa. Kama umeajiriwa na halmashauri au una mkataba nayo, uliza kwa maandishi kama sheria inakuruhusu kugombea. Hili likiibuliwa kwenye pingamizi, muda wa kulirekebisha haupo.

Nyumbani, weka saa mezani badala ya ndoto. Kabrasha la nyaraka za kikao lenye kurasa 150 likisomwa dakika 2 kwa ukurasa ni saa 5, bado kikao chenyewe, kamati, misiba, na simu za saa nne usiku. Kukubaliana na mwenzi wako nani atabeba majukumu yapi kunapaswa kutangulia fomu. Kiwango cha juu cha fedha za kampeni nacho kiandikwe siku hiyo hiyo, na usikope ukitegemea posho, kwa sababu diwani mwenye deni hupata shida kumkatalia mkandarasi.

Ukikosa yale majina 5, au ukibaki na watembeaji wawili tu, ahirisha muhula mmoja na uendelee kuhudhuria. Anzia kwa karani wa baraza: muulize tarehe ya kikao kijacho na namna ya kupata ajenda yake.