Saini nyingi hazizuii kiwanda msituni

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja wilayani Uvinza. Kuna mwekezaji anataka hekta 180 ndani ya msitu wetu wa hifadhi wa kijiji, ajenge kiwanda cha kukamua mawese na kupanda michikichi. Humo tuna mizinga ya nyuki na chanzo cha kijito tunachotegemea kwa maji. Mwenyekiti anasema halmashauri ya kijiji imeshakubali. Tumekusanya saini zaidi ya mia tatu za kupinga, na bwana mmoja wa Kigoma mjini anataka kila kaya itoe shilingi 10,000 ili azifikishe Dodoma. Je, saini hizi zinatosha kusimamisha mradi, au tuongeze?

JIBU: Ndugu Katibu, msitoe hata shilingi moja, na saini msiongeze.

Swali hili naletewa kutoka Kigoma na Tabora kila mara, na kila mara linakuja na kishoka wake. Kinachoniumiza ni kuona watu wanapiga magoti kuomba kitu ambacho sheria imeshawapa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 4, inasema hivi: ardhi ya kijiji inayotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla (ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, inayosimamiwa na serikali kuu), ikiwa chini ya hekta 250, wa kukubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji. Ikizidi hapo, mkutano mkuu unatoa mapendekezo na waziri ndiye anayeamua. Kwenu zinaombwa 180. Halmashauri ya kijiji nayo, kwa kifungu cha 8 cha sheria hiyo hiyo, haina ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kwa hiyo kauli ya mwenyekiti wako kwamba "imeshakubali" ni maoni ya watu wasiozidi 25, basi.

Hizo saini mia tatu ni barua ya malalamiko. Itagongwa muhuri wa kupokelewa, itaandikwa pembeni "kwa hatua zako", kisha itateremshwa hadi wilayani. Lakini watu wale wale mia tatu wakihudhuria mkutano mkuu ulioitishwa kwa tangazo, ajenda ikitajwa waziwazi, akidi (idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali) ikatimia, wakapiga kura na hesabu ikaandikwa kwenye muhtasari, huo ni uamuzi. Dodoma watauomba muhtasari huo. Karatasi ya saini hawataiulizia.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo vijiji vinapoliwa. Wageni wanakuja na gari, wanaongea saa moja, halafu inazungushwa karatasi ya mahudhurio: jina, namba ya simu, saini, na posho unapewa hapo hapo. Juu ya karatasi hakuna kichwa cha habari. Miezi miwili baadaye karatasi hiyo hiyo unaikuta imebanwa kwa pini nyuma ya muhtasari unaosema wananchi "waliridhia kwa kauli moja". Kila ukurasa wa mahudhurio uandikwe juu kabisa, kwa kalamu, tarehe na ajenda kabla mtu wa kwanza hajasaini. Chini ya jina la mwisho pigeni mstari. Pigeni picha kurasa zote kabla hazijatoka ofisi ya kijiji.

Upande wa mazingira, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mradi wa namna hii afanye tathmini ya athari kabla ya kuanza kazi. Watathmini watakuja kuwahoji. Mkiwaambia "hatutaki" mkaishia hapo, wataandika kwamba baadhi ya wananchi walionyesha wasiwasi, na wataendelea na ukurasa unaofuata. Wapeni kwa maandishi hoja wasiyoweza kuiruka. Kiwanda cha mawese hutoa majitaka tani mbili na nusu hadi tatu hivi kwa kila tani ya mafuta. Yanatoka ya moto, mazito, yana mafuta. Yakiingia kijitoni, vijidudu vinavyoyaozesha vinamaliza hewa ya oksijeni majini na samaki wanakufa. Ulizeni mabwawa ya kuyasafisha yatachimbwa wapi, juu au chini ya chanzo chenu, na masika yakifurika maji hayo yataelekea wapi.

Mwekezaji atawaambia kwamba mikungu ikishavunwa haifai kulala siku nyingi, mafuta yanaharibika, kwa hiyo kiwanda lazima kiwe karibu na shamba. Ni kweli. Ila hakuna kanuni ya kilimo inayotaka shamba hilo liwe msituni. Tangu Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, aanze kulisukuma zao hili Kigoma mwaka 2018, michikichi imekuwa neno la kunyamazishia watu: ukihoji eneo, unaitwa mpinga maendeleo. Msikubali. Kuna wakulima wenye michikichi yao wanaotafuta soko, na kiwanda kinaweza kujengwa karibu nao na kununua kwao.

Vishoka wako pande zote mbili. Nimeshika ripoti ya tathmini ya eneo la miombo, mamia ya kilomita kutoka baharini, iliyoorodhesha mikoko kati ya mimea itakayoathirika. Ilinakiliwa kutoka mradi wa pwani, na jina la kijiji likabadilishwa. Ukiipata ripoti yenu, isome kwa kutafuta mito, miti na vitongoji vyenu kwa majina. Visipokuwemo, andikeni hivyo kwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, mkitaja namba za kurasa. Na huyo bwana wa mjini mwombeni namba yake ya uwakili. Wakili halali haoni tabu kuitoa.

Kwa vijiji vingine vyenye misitu, msingoje mwekezaji. Kibao cha hifadhi kilichosimama barabarani hakiwalindi. Kinachowalinda ni muhtasari wa mkutano mkuu uliotenga msitu, ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi, na sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri ya wilaya. Fungueni kabati la ofisi ya kijiji wiki hii mvitafute vyote vitatu. Kinachokosekana, afisa mtendaji akiandikie barua kwa afisa ardhi wa wilaya aombe nakala, na nakala ya barua hiyo ibaki kijijini ikiwa na muhuri wa kupokelewa.