Je, Ni Kosa Kuridhika na Maisha ya Leo?

SWALI: Mhariri, nilizaliwa mwaka 1988. Wazee wetu husema simu zimetuharibia maisha, ilhali mimi nimeridhika nayo. Je, nimekosea?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hujakosea, ndugu msomaji. Kabla ya M-Pesa kuanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, wengi waliofanya kazi Nairobi walimkabidhi dereva wa basi bahasha ya fedha za mama kijijini, kisha wakakaa siku kadhaa bila kujua kama zimefika. Leo mama huyo hupata ujumbe papo hapo, na jioni hiyohiyo huweza kuzungumza na mwanawe wakionana nyuso. Wazee wana haki ya kulalamika tunapoinamia simu wakati wa kula (nami hulikemea hilo nyumbani kwangu), lakini nafuu hii wanaifaidi hata wao.