Ubao Wangu Uliishia Ukutani

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza ni mchezo gani wa ubao au wa karata ambao michoro yake imetuvutia kuliko mingine, na kama uzuri huo unausaidia mchezo au unaupamba tu. Mimi ni mchoraji wa vibao vya maduka na mbao za michezo hapa Bagamoyo, nimeshika brashi kwa zaidi ya miaka 20, na naomba nianze na sehemu ya pili ya swali, kwa kuwa ndiyo iliyonitia aibu.

Miaka michache iliyopita mwenye nyumba moja ya wageni alinipa kazi ya kuchora ubao wa ludo, akataka uwe wa mtindo wa Tingatinga ili wageni wake waucheze barazani na kuupiga picha. Nilifurahi, maana ludo ya kawaida haimpi mchoraji kazi ya kujivunia: ni njia ya visanduku 52 inayozunguka msalaba, pembe nne za rangi nne, na basi. Nilikata hadibodi, nikaipaka rangi ya mafuta inayong'aa, ya jamii ileile ambayo Edward Saidi Tingatinga alianza kuchorea kule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha nikajaza ubao mzima wanyama: kanga hapa, chui pale, pweza, kobe, kaa, na nukta nyingi zikiziba kila nafasi iliyobaki, kwa sababu mkono wangu ukishaingia kwenye mtindo ule hauwezi kuacha pengo. Kazi ilinichukua siku 9. Nilipoipeleka, mwenyewe aliisifu, wafanyakazi wake wakaisifu, na jioni ile wazee wanne wakakaa kuijaribu.

Dadu ilipolala kwenye tano, mzee wa kwanza alihesabu kwa kidole kama ilivyo desturi yake, akafika kwenye shingo ya twiga iliyolala juu ya visanduku vitatu, akasita.

"Fundi, hapa pana vyumba vingapi?"

"Vitatu, mzee wangu."

Akaanza kuhesabu upya, mwenzake akadai kwamba amejiongezea kimoja, kete nyekundu ikapotea juu ya mgongo wa kaa mwekundu, na taa ya barazani ilipowashwa, rangi yangu ikaurudisha mwanga wote machoni mwa aliyekaa upande wa ukuta, hata akawa haoni ubao wala kete. Haikupita robo saa wakaomba waletewe ubao wao wa zamani, ule wa plaiwudi ambao rangi ya njano imekwisha na watu huijua kwa mazoea. Wiki ya tatu nilipopita pale, nilikuta kazi yangu imetobolewa tundu mbili juu, imetiwa kamba na kutundikwa ukutani karibu na kaunta. Wageni wanaipiga picha hadi leo.

Tangu siku ile siutazami mchezo wowote bila kujiuliza nakshi yake imekaa wapi na inamfanyia nini mtu anayecheza. Mwalimu wangu wa karibu amekuwa bao la kiswahili, ambalo nimelitazama tangu utotoni bila kuliona. Lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64 ambazo kwa kawaida ni komwe. Mchongaji mzuri, hasa yule ambaye mkono wake umezoea milango, huweka mnyororo, maua au mawimbi kwenye kingo na kwenye ncha mbili za ubao, yaani mahali ambapo mkono wa mchezaji haupiti. Ndani ya uwanja hagusi kitu. Mashimo anayapiga msasa mpaka yanateleza, ili vidole vikishuka vizoe komwe zote kwa mara moja pasipo hata moja kukwama, na mchezaji aweze kuendelea kugawa bila kukata mwendo. Tofauti ya umbo ndani ya uwanja ni moja tu: shimo la tano kutoka kushoto, safu ya mbele, kwa kila upande, huchongwa mraba badala ya duara. Hiyo ndiyo nyumba, inayoanza na kete 6 na ambayo ina masharti yake peke yake. Mgeni asiyejua neno hata moja la mchezo huliona shimo lile na kuelewa kwamba pale pana jambo. (Sisemi habari ya yale mabao ya dukani yenye miguu ya tembo na mashimo yasiyotosha hata komwe nane, hayo yalichongwa kwa ajili ya sanduku la msafiri.)

Kumbe watu wa kale sana walilijua hilo. Katika picha nimeuona ubao uliofukuliwa na mwanaakiolojia Leonard Woolley huko Ur, mji wa kale nchini Iraki, katika miaka ya 1920, ambao una umri wa miaka kama 4,600 na sasa uko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Una visanduku 20 vilivyotiwa vipande vya kombe, mawe mekundu na jiwe la buluu la lapis lazuli, na hakuna kisanduku kilichoachwa wazi, jambo ambalo mwanzoni lilinipa faraja kwa ajili ya twiga wangu. Nilipotazama tena niliona kwamba fundi yule alikuwa na nidhamu niliyoikosa. Kila pambo linakaa ndani ya mipaka ya kisanduku chake, wala halimwagikii kwa jirani, na ua lenye petali nane limewekwa kwenye visanduku vitano tu, ambavyo kwa kadiri wataalamu walivyozisoma kanuni zake vilikuwa visanduku vya bahati. Ua lile ni pambo, lakini pia ni taarifa kwa mchezaji.

Sasa nije kwenye michezo ya maboksi, ambayo naamini ndiyo mliyokuwa mkiifikiria mlipouliza. Mpwa wangu aliporudi kutoka masomoni Ujerumani alikuja na miwili, na kwa mwezi mzima ilikaa kwetu. Wa kwanza unaitwa Wingspan, uliotungwa na Mmarekani Elizabeth Hargrave na kutolewa mwaka 2019, mwaka uleule uliopata tuzo ya Kennerspiel des Jahres, ambayo Wajerumani huitoa kwa michezo ya watu waliokwisha kuzoea. Una karata 170 za ndege, kila ndege na picha yake, na kama mchoraji naungama kwamba nilizikaa usiku mzima bila kucheza. Wachoraji wakuu wake, Natalia Rojas na Ana María Martínez Jaramillo, wamempa kila ndege unyoya wake, mkao wake na jicho lake, wakamwacha juu ya uwanja mweupe usio na jani wala wingu, hivi kwamba macho hayana pa kupotelea. Karata inaonyesha upana wa mabawa kwa sentimita, aina ya kiota na idadi ya mayai anayoweza kubeba ndege huyo katika mchezo, na mayai yenyewe ni vijipande vya rangi nyororo ambavyo binti wa jirani alitaka kuvila.

Hata hivyo, nina malalamiko mawili. Karata zimejaa maandishi ya Kiingereza, na nguvu ya kila ndege, yaani kile anachomfanyia mchezaji, imo ndani ya maandishi hayo, kwa hiyo asiyekisoma Kiingereza anacheza kwa kutafsiriwa kila zamu, na mchezo wa kutafsiriwa huchosha mapema. La pili si kosa la mtu: ndege wa boksi hilo la kwanza ni wa Amerika ya Kaskazini. Tulipitia karata moja baada ya nyingine kama watu wanaotazama picha za harusi wasiyoalikwa, mpaka akatokea mbayuwayu mwenye mkia wa panda, na watoto wakapiga kelele kwa pamoja, kwa maana huyo wanamwona kwenye nyaya za umeme kila msimu wa vuli. Nikawaza jinsi karata zile zingepokelewa kama zingekuwa na mdiria, chozi, na membe wa pale soko la samaki anayeiba dagaa mbele ya mwenyewe. Uchoraji uleule, kwa macho yanayomjua anayechorwa, ungefanya kazi maradufu.

Mchezo wa pili ndio jibu langu. Unaitwa Dixit, ulitungwa na Mfaransa Jean-Louis Roubira, ukatoka mwaka 2008 na kupata tuzo ya Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka huko Ujerumani, mwaka 2010. Karata zake 84 zilichorwa zote na Marie Cardouat, na hazina neno hata moja. Kila mchezaji hushika karata 6. Mwenye zamu huchagua moja kimyakimya, husema neno au sentensi inayomjia kuihusu, kisha huilaza kifudifudi. Wengine hutafuta katika karata zao ile inayokaribiana na maneno hayo, zinachanganywa, zinafunuliwa, na kila mtu anakisia ipi ni ya msemaji. Utamu umo katika hesabu ya pointi. Wote wakiipata, msemaji hapati kitu. Wote wakiikosa, vilevile hapati kitu, na wenzake wanachukua 2 kila mmoja. Ni lazima aseme jambo ambalo baadhi watalifumbua na baadhi watalikosa, na hapo ndipo anapochukua pointi 3 pamoja na waliofumbua. Kwa watu tuliolelewa kwa "Kitendawili!" na "Tega!" hakuna haja ya kueleza zaidi, ila kwamba hapa mtegaji mwenye kitendawili kigumu kupita kiasi ndiye anayetoa mji.

Jioni moja tulikuwa watano: mimi, mpwa wangu, jirani yetu, binti yake wa miaka 11, na shangazi yangu mshonaji wa kofia, ambaye amepita miaka 70, anasoma Kurani na Kiswahili lakini Kiingereza hakimhusu. Wakati wa Wingspan alikuwa ameketi pembeni na sindano yake, akituuliza kama tumekwisha. Safari hii alivutwa na picha, akazishika karata zake mbali kidogo na macho kama anavyoshika kofia anapokagua tundu, na zamu yake ilipofika akasema maneno manne tu:

"Ya tatu mpe jembe."

Binti akacheka bila kujua anachocheka. Mpwa wangu akaanza kutafuta shamba kwenye karata zake, akaweka iliyokuwa na majani mengi. Mimi na jirani tulitazamana, kwa sababu tulikuwa tumeisikia nusu ya kwanza ambayo shangazi hakuitamka, ile ya mgeni siku mbili. Karata zilipofunuliwa tuliitambua yake papo hapo. Sitaieleza, maana kila mtu pale aliiona kivyake. Itoshe kwamba sisi wawili tulimwona ndani yake mgeni aliyekaa kupita kiasi, na wale wawili hawakumwona. Shangazi akachukua 3, sisi 3 kila mmoja, na mpwa wangu akabaki akilalamika.

"Bibi, hapo hapana hata jembe!"

"Wewe umerudi lini?" akamuuliza.

Hiyo ndiyo sababu ya kuuchagua mchezo huu. Ukiziondoa picha za Wingspan na kubakiza namba, mchezo unaendelea, ingawa kwa huzuni. Ukizifuta picha za Cardouat unabaki na makaratasi matupu. Nimejaribu pia kuelewa kwa nini picha hizo zinatega vizuri, na naona ni kwa sababu mchoraji amechora kila kitu kwa uwazi halafu hakueleza kwa nini viko pamoja. Macho hayababaiki hata kidogo juu ya kile kinachoonekana. Kinachobabaika ni maana. Mimi katika ludo yangu nilifanya kinyume: maana ya ubao ilikuwa wazi kwa kila mtu, nikayababaisha macho.

Boksi limekwisha kurudi na mwenyewe Dar es Salaam, na shangazi amekwisha kuniuliza mara mbili lini litarejea, kwa hiyo nimeanza kuchora karata zetu wenyewe, za mambo ya hapa. Kumi za kwanza zilikuwa hasara. Nilitumia manila nyembamba, wino ukavuja hadi nyuma, na baada ya mizunguko miwili kila mtu alizijua karata kwa migongo yake kabla hazijafunuliwa; tena nilikuwa nimezikata kwa mkono, moja imezidi nyingine kwa uzi, na vidole vya mshona kofia haviachi uzi upite. Sasa nabandika karatasi mbili, katikati naweka nyeusi, na nakata zote kwa kipimo kimoja cha bati. Mpaka leo Alhamisi ninazo 18. Mojawapo ina twiga.