Maswali yenu: wauguzi na mzigo wa korona

Mwaka 2020 nilikuwa wodi ya korona, Nairobi. Wagonjwa walifariki mikononi mwangu na sikulia. Je, nina roho ngumu? (Muuguzi)

Hata kidogo, dada yangu. Ndani ya lile vazi la kujikinga huwezi hata kujifuta machozi, maana kupeleka mkono usoni ni kujitafutia maambukizi. Isitoshe, ndugu walizuiwa kuingia, ikawa ninyi ndio mnaoshika simu ili mgonjwa aagane na wanawe. Simu ikikatika, unageukia kitanda cha pili na sauti ile ile ya upole. Ganzi ndiyo iliyokufikisha mwisho wa zamu.

Majonzi ya namna hiyo huchelewa. Unaweza kunusa klorini leo, sokoni tu, kifua kikabana. Yakija, yaache yaje. Mtafute mliyekuwa naye zamu, mkae, mwataje wale wagonjwa. Ila kama usingizi umekimbia au kila ukifika getini unataka kurudi nyumbani, muone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, wala usingoje.

Mke wangu ni muuguzi. Tangu korona, akirudi kazini hasemi kitu. Nimuulize? (Mume, Nakuru)

Usimhoji mlangoni, kaka. Wengi wakati ule walilala chumba cha peke yao kwa kuwaogopea watoto, na kunyamaza kukawa mazoea. Aoge, ale, apumzike. Akianza kusema, msikilize bila kumshauri.

Hospitali yetu imetuandalia semina ya kudhibiti msongo. Inatosha? (Msimamizi wa wodi)

Haitoshi. Katika ICD-11, orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa 2019, Shirika la Afya Duniani linauhesabu uchovu unaoletwa na msongo wa kazi kuwa jambo la kazini, si ugonjwa wa mtu. Desemba 2020 madaktari wa Kenya waligoma wakidai, pamoja na mengine, vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Nayaona hayo kuwa madai ya moyo pia: utamwambiaje mtu avute pumzi atulie, na barakoa hana? Wewe unapanga zamu, basi anzia hapo. Muuguzi aliyetoka kumfunika maiti mpe nafasi atoke nje kidogo kabla hujamkabidhi mgonjwa mwingine.

Ni vibaya kulia mbele ya mgonjwa? (Mwanafunzi wa uuguzi)

Si vibaya, mwanangu. Angalia tu asije yeye akaanza kukubembeleza wewe.