Je, kukubali mageuko ya viumbe ni imani tu?
Ndugu yangu, unasema kukubali mageuko ni imani tu, kwa sababu hakuna aliyekuwepo kushuhudia. Sisi wa Kisumu tumeshuhudia, kwa malaria. Wazazi wetu walimeza klorokwini wakapona (wakijikuna usiku kucha!). Baadaye ikaanza kushindwa: vimelea vichache vilivyoistahimili vilibaki hai, vikazaana, vikaenea; hayo ndiyo mageuko. Mwaka 1998 Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza, tukapewa Fansidar, nayo ikaishia vivyo hivyo. Ndiyo maana leo unapewa dawa mseto, yaani dawa zaidi ya moja kwa pamoja.

Kuamini watu wengine kupo, hilo sikatai. Mimi sikuwepo kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria, mwaka 1948 mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alipopata fuvu la sokwe wa kale wa miaka kama milioni 18. Lakini fuvu lipo, na mwenye shaka anaweza kulipima upya. Waliopima waliona haliko katika kundi la sokwe wa kale liitwalo Proconsul kama walivyodhani, na mwaka 2015 wakalipa jina jipya, Ekembo. Imani yangu ya Jumapili siipimi hivyo, na wala sioni inagombana na hilo fuvu.