Kuhusu mwanamke kumtafutia mwenzake makazi
Dada, umeuliza kama mwanamke aliyewahi kulala kwenye baraza za watu anaweza kweli kumsaidia mwenzake kupata chumba hapa Kigoma. Anaweza, hasa mbele ya mwenye nyumba wa Mwanga au Ujiji anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa sababu huongozana na mwenzake, humwombea alipe kidogo kidogo, kisha hurudi baadaye kuona kama mwenzake bado anaishi pale. Ila kwa mke aliyefukuzwa na mumewe, kukimbilia kutafuta chumba (ndivyo wengi tufanyavyo) ni haraka mno: Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine, hivyo huenda bado ana haki katika nyumba ile, na aonane kwanza na msaidizi wa kisheria.