Fibroidi ya sentimita 4: nitolewe kizazi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Ngamiani, Tanga. Nina watoto wawili na bado nataka wa tatu. Siku hizi hedhi yangu inafika siku nane, inatoka kwa mabonge, na nikipanda ngazi nahema. Ultrasaundi imeonyesha fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, ya sentimita 4. Wifi yangu ananihimiza nitolewe kizazi kabla haijageuka saratani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Hiyo 4 isikutishe. Rudi kwenye karatasi ya ultrasaundi uangalie fibroidi imekaa wapi, maana hapo ndipo penye jibu. Iliyoota upande wa nje wa kizazi inaweza kufikia ukubwa wa chungwa la Muheza bila kukuongezea hedhi hata kidogo. Iliyochomoza ndani, kwenye nafasi anamokaa mtoto, hata ikiwa ya sentimita 2 inamwaga damu na inaweza kuzuia mimba. Kama karatasi haisemi, omba kipimo cha kupitia ukeni. Kinaonyesha vizuri zaidi.

Kuhusu saratani, wifi yako ana nia njema, lakini fibroidi kugeuka saratani ni nadra mno. Ninayemhofia ni mwanamke aliyekwisha koma hedhi kisha uvimbe wake ukaanza kukua.

Kinachonisumbua kwako ni huko kuhema. Pima wingi wa damu wiki hii. Chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Vidonge vya madini chuma usivimeze na chai, inazuia chuma kuingia mwilini. Pima na mimba pia. Dawa ya kupunguza damu, asidi ya traneksamiki, humezwa siku za hedhi tu, na mwambie daktari kama umewahi kuganda damu mguuni. Kitanzi chenye homoni kinasaidia wengi, ila wewe unataka mtoto.

Ikiwa imechomoza ndani, huondolewa kwa kifaa kinachopitishwa ukeni, bila kupasua tumbo. Ikiwa ndani ya nyama ya kizazi, hupasuliwa ikatolewa yenyewe, kizazi kikabaki, ingawa nyingine zinaweza kuota baadaye. Omba rufaa ya kumwona daktari wa wanawake hapo hospitali ya Bombo. Ukiona damu baada ya tendo la ndoa, mwambie akague na shingo ya kizazi, kwani hiyo huenda haitoki kwenye fibroidi.

Dawa za kuweka ukeni eti ziyeyushe uvimbe, achana nazo. Hazifiki ulipo, zinaunguza njiani tu.